Nyaraka za Koini na Shamba la Midia

Eldoret, 9 Machi 2025

Mwanangu Kiden,

Leo ni Jumapili, tarehe tisa Machi, mwaka 2025. Ikifika Juni nitatimiza miaka arobaini na sita nje ya kijiji chetu cha Midia. Kwa kawaida sianzi barua kwa hesabu hii, kwa sababu mtu akishaiandika huiona ndefu kuliko alivyoiishi. Mwaka huu ninayo sababu.

Nakusalimu wewe na watoto hapo Arua. Msalimie mama yako Zuhurah, umwambie dawa ya macho aliyoniagiza nimeipata, dereva Abiriga ataileta kwa lori lake. Huku mvua inatisha kila jioni na kuondoka bila kunyesha. Magoti yangu yananisumbua asubuhi, kisha yananisahau hadi nipande ngazi. Kile kiwanda cha uchapaji nilichokisahihishia vitabu vya shule kimeacha kuniita hata kwa vibarua. Siku hizi kompyuta ndiyo inayosahihisha, na makosa yamebaki yale yale.

Kwa hiyo nimeamua. Desemba nitarudi nyumbani. Tangu mke wangu afariki sina mtu huku wa kumwambia chai imepoa. Nataka vyumba viwili tu, kule juu ya shamba langu, mahali mama yako anapopanda mihogo kwa jina langu kila msimu. Ramani niliichora mwenyewe, nikampa Abiriga Januari, na nikamwomba kaka yako Sunday huko Koboko aniulizie bei ya matofali. Hakujibu. Februari niliuliza tena, na tena sikujibiwa.

Wiki iliyopita nilisoma gazetini kwamba huko Kampala kamati moja ya Bunge imeitaka serikali ilete nyaraka zote zinazohusu sarafu za mtandaoni: nani aliomba ruhusa ya kuziuza, nani alipewa, wanasheria wa serikali walishauri nini. Kwenye habari hiyo mji wetu wa Koboko umetajwa mstari mmoja tu, karibu na mwisho. Msahihishaji husumbuliwa zaidi na mstari kama huo kuliko ukurasa mzima. Koboko inaingiaje humo? Na Sunday ni mzima?

Baba yako mdogo,
Marino Tombe


Arua, 22 Aprili 2025

Baba Mdogo,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako ilikaa kwenye lori la Abiriga mpaka gari likatengenezwa gia huko Tororo, ndipo ikanifikia. Pasaka imepita salama. Mama alifunga Ramadhani yote bila kuruka siku, kisha Pasaka akaja kwangu, akasema amekuja kukagua kama Wakristo wanajua kupika. Alikula, hakutoa hukumu. Dawa ya macho ameipokea na anakushukuru.

Sunday ni mzima. Kwa sasa hakai Koboko, analala kwangu, kwenye chumba cha watoto.

Uliuliza Koboko inaingiaje. Mwaka juzi kampuni moja ilifika na mabango mazuri, ikatafuta mawakala wa kuuza sarafu hizo. Hapa kila mtu anaziita koini. Sunday akawa wakala wao. Aliuza palepale sokoni, kwenye mstari wa wabadilisha pesa, watu wakamletea faranga za Congo, pauni za Sudan Kusini na shilingi zetu. Wewe unawajua watu wa mpakani, Baba. Kila mzee ana sanduku lenye noti ambazo siku moja redio ilitangaza kwamba hazitumiki tena. Sunday aliwaambia koini haina nchi, kwa hiyo hakuna rais atakayeamka asubuhi aifute. Maneno hayo ndiyo yaliyowashika. Kwingine labda watu walinunua ili watajirike. Koboko walinunua ili wasiunguzwe tena.

Desemba simu za kampuni zilikatika. Kwenye simu za watu koini bado zinaonekana, tena zinaongezeka, lakini hazitoki. Wenye kampuni hakuna anayewajua sura. Sura inayojulikana ni ya Sunday.

Mbunge wetu alilipeleka jambo hili Kampala, na hiyo kamati uliyosoma ndiyo inayodai nyaraka. Koboko yote inazingoja. Zikionyesha kwamba serikali iliiruhusu kampuni, watu watadai serikali. Zikionyesha vinginevyo, watatafuta mahali pengine pa kudai.

Kuhusu matofali, Baba, usitume pesa bado. Bei imepanda.

Binti yako,
Stella Kiden


Eldoret, 1 Juni 2025

Mwanangu,

Natumaini mko wazima. Mimi nimekuwa na kikohozi, sasa kimebaki cha usiku tu. Jirani yangu amenunua jogoo asiyejua saa.

Bei ya matofali ikipanda, mtu huitaja ili mwenzake ashike kichwa. Hukuitaja. Abiriga alipopita nilimuuliza. Akasema, "Matofali? Mzee, Koboko matofali iko mingi mpaka yanaota nyasi." Kisha akainama kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Nikamuuliza kuhusu shamba langu. Akaliangalia na tairi la pili.

Nyaraka nazifuatilia. Siku hizi nanunua magazeti mawili. Kwanza serikali iliiambia kamati kwamba nyaraka zinakusanywa. Kisha ikasema nyingine ni za siri. Mwenyekiti akakasirika, akatoa muda mwingine, na muda huo umekwisha bila neno. Nimeishi kati ya karatasi tangu ujana wangu, Kiden. Faili lililojaa huletwa haraka, na aliyelileta hupenda kuonekana akilibeba. Wanaokusanya hadi sasa wananitia wasiwasi.

Nyaraka hizo zinakuhusu wewe na Sunday, hilo nimelielewa. Bado hujaniambia zinanihusu nini mimi. Sijanunua koini. Natembea chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni nikiuliza swali moja, na sasa nakuuliza wewe: kuna mtu kwenye shamba langu?

Marino Tombe


Koboko, 12 Julai 2025

Baba Mdogo,

Salamu kutoka nyumbani kwenyewe. Nimekuja kwa mama tangu jana. Ufuta umekubali mwaka huu, tumbaku imeliwa na wadudu. Mama amepata miwani kwa mafundi wa Ariwara, upande wa Congo, na sasa anaona mambo mengi ambayo alikuwa ameyasamehe.

Hakuna mtu kwenye shamba lako. Lakini hakuna mtu atakayekufyatulia tofali hapo, na kwa miezi hii yote nimeshindwa kukuandikia kwa nini.

Labda ulipoondoka mstari wa wabadilisha pesa haukuwa hivi, kwa hiyo nakueleza. Mtu mpya hawezi kutandika meza pale kwa sababu ana pesa tu. Siku yake ya kwanza lazima mzee wake aje akae kando yake, kutoka kufungua soko hadi kufunga. Mzee haongei, hasaini. Anakaa tu, watu wanapita wanamwona. Kijana akitoroka na pesa, watu huenda kwa yule aliyekaa, na mali yake ndiyo inayojibu. Tongun, mzee wa mstari, husema benki inataka karatasi kwa sababu haiwezi kumjua mtu na ukoo wake.

Sunday hakuwa na wa kumkalia. Baba yetu Ladu alikwisha kufa, na wewe uko Kenya. Akachukua kiti kwa mama, akaenda nacho sokoni, akalitundika juu yake lile koti lako la kijivu ulilomtumia baba zamani. Akawaambia watu, "Huyu ni Baba Tombe wa Kenya. Shamba yake iko Midia, mihogo yake munaijua."

Watu walicheka. Mama Rosa, yule jirani yetu anayeuza karanga, alikipungia kiti mkono, akasema, "Karibu, Baba Tombe! Mbona umekonda hivi?" Na mimi nilikuwepo. Nilikinunulia kiti soda.

Tongun peke yake hakucheka. Alisimama akaliangalia koti, akauliza, "Tombe anajua?"

Sunday akasema, "Anajua."

"Basi koti limekaa," Tongun akasema, na siku ile ile Sunday akauza.

Nilijua kwamba hujui. Niliona ni mchezo. Hata kampuni ilikuwa na bango lenye nembo ya taifa, nani angefikiri siku moja watu watakumbuka kiti?

Sasa wamekumbuka. Mwezi uliopita waliopoteza pesa walikutana kwa Tongun. Wengine walitaka kugawana shamba msimu huu huu. Mama Rosa alisema wangoje nyaraka za Bunge kwanza, kwa sababu kama serikali iliiruhusu kampuni, basi serikali ndiyo iliyokaa, si koti. Wote wakakubali. Kwa hiyo shamba lako linangoja Kampala, Baba, na sisi pia.

Stella Kiden


Eldoret, 17 Agosti 2025

Kiden,

Afya yangu ni nzuri. Mvua imenyesha.

Barua yako niliisoma nimesimama na hadi leo sijaweza kukaa vizuri. Nimeandika majibu nikayachana. Nimekwenda stendi kuuliza nauli ya Kampala, nikarudi nyumbani, nikaenda tena siku ya pili kama mtu aliyesahau alichoambiwa. Vitabu nimeshavifunga kamba, halafu usiku nikahitaji kimoja nikafungua vyote.

Koti lile nilimpa kaka yangu kwa sababu ya baridi. Mimi sikukaa. Mtu hawezi kukalishwa na mwingine kama gunia. Mwambie Tongun hivyo. Ukiona utashindwa kumwambia, nitakuja kumwambia mwenyewe, na nitasimama pale pale sokoni wanione nilivyokonda.

Nilipotoka Midia wakati wa vita sikubeba kitu. Ng'ombe wa baba walichukuliwa, nyumba ilichomwa, na kwenye kambi za Sudan watu waliniuliza nina nini nikajibu nina shamba. Nilijibu hivyo Yei, nikajibu hivyo Juba, nikamjibu hivyo baba wa mke wangu aliponiuliza nitamwoa binti yake kwa kitu gani. Sikuwa naringa. Ndicho kitu pekee nilichoweza kusema kikawa kweli.

Gazeti la jana linasema kamati imetishia kumwita waziri kwa nguvu kama nyaraka hazitafika. Nilijikuta napiga meza kwa furaha, mimi ambaye Bunge la nchi hiyo sijawahi kulipigia kura. Walete. Walete zote.

Msalimie mama yako. Wengine watajisalimia wenyewe.

Marino Tombe


Arua, 19 Oktoba 2025

Baba Mdogo,

Tuko salama, mtoto wa mwisho ameota meno. Nilichelewa kuandika kwa sababu nilitaka nikuandikie jambo lililokwisha.

Nyaraka zimefika. Kamati ilizipata mwishoni mwa Septemba, na mbunge akamtuma msaidizi wake Koboko azisome mbele ya watu. Anaitwa Acidri, ni kijana wa Adumi, ana adabu. Alikuja na bahasha nyembamba. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye meza za nyama. Nakuandikia kama nilivyosikia.

Acidri alisema, "Barua ya kwanza, kampuni inaomba ruhusa ya kuuza sarafu za mtandaoni."

"Na serikali ikasema nini?" Tongun akauliza.

"Ikasema imepokea."

"Imepokea nini?"

"Barua, mzee."

"Haya. Endelea."

"Barua ya pili, kampuni inauliza tena, inasema iko tayari kuanza, inangoja jibu."

"Jibu?"

"Kwamba jambo linachunguzwa."

"Likachunguzwa?"

Acidri aligeuza karatasi, akaangalia na nyuma yake. "Kuna kumbukumbu za mkutano mmoja. Walikubaliana kwamba suala ni zito, wakutane tena. Hawakukutana."

Mama Rosa akasimama. "Kijana, mimi sina masomo. Serikali ilikubali ama ilikataa?"

"Haikukubali, mama. Na haikukataa."

"Sasa koini iliuzwa na nani?"

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Na koti!" Watu wakacheka, Baba, lakini haikuwa kama siku ile ya kwanza. Acidri aliwaambia kamati itaandika ripoti na kuwataka wahusika wajieleze, na sheria itatungwa. Mama Rosa akasema sheria itamfaa mjukuu wake. Akaondoka na karanga zake kabla soko halijafungwa.

Nilimwambia Tongun maneno yako yote, kwamba hukukaa na kwamba mtu hakalishwi kama gunia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hivi, na akanitaka niyaandike bila kuongeza: "Tombe amesema sawa. Akisema hakukaa, shamba ni yake, hakuna mutu atagusa, hata mimi nitalala hapo na panga. Lakini basi Sunday hakuletwa na mutu. Na mutu ambaye hakuletwa na mutu, hapa Koboko hatumjui."

Nilimuuliza na mama je. Akasema, "Huyo ni mama ya nani?"

Kuhusu mama, kuna jambo ambalo hakutaka nikuandikie. Mifereji ya upande wetu imekauka, anachota maji kwenye kisima cha Mama Rosa. Hakuna anayemkataza. Lakini akifika, wanawake wengine wananyamaza mpaka ndoo ijae. Wiki iliyopita alichimba mihogo ya shamba lako, akampelekea Mama Rosa kikapu. Jioni alikikuta kikapu kwenye uzio wetu, mihogo yote ndani, imeoshwa.

Sunday anasema atavuka aende kwenye machimbo ya dhahabu Congo. Amefunga begi. Mama amelifungua mara mbili, na yeye amelifunga tena.

Siombi chochote, Baba. Uliniambia niseme, nimesema. Chumba chako hapa Arua kipo, Desemba ukija.

Stella Kiden


Eldoret, 23 Novemba 2025

Mwanangu Kiden,

Nakusalimu, na mtoto mwenye meno umbusu kwa niaba yangu. Huku mahindi yamevunwa na bei imeanguka, wakulima wanalalamika kama kawaida yao, na jogoo wa jirani ameliwa. Kikohozi kimekwisha. Nakuambia haya ili usidhani ninayoandika chini nimeyaandika nikiwa mgonjwa.

Niliisoma barua yako, nikatafuta gazeti lililochapisha sehemu za nyaraka hizo, nikazisoma kama nilivyokuwa nasoma prufu kiwandani kabla kitabu hakijachapwa, mstari kwa mstari, kidole juu ya neno. Acidri aliwasomea sawasawa. Hakuna mwizi humo. Hakuna saini ya mtu aliyehongwa, wala amri iliyofichwa. Nilikuwa nimetamani sana awemo mtu mbaya, tumkamate, nami nijenge vyumba vyangu viwili. Kuna watu waliopokea swali wakaliweka mezani. Wakaenda kula, wakarudi, likawa bado lipo, wakaliacha. Na wakati lilipokuwa mezani, Mama Rosa alikuwa ananunua.

Nilikasirika nao siku nyingi. Kisha nikaona kwamba barua yako yenye maneno ya Tongun nayo ilikuwa mezani kwangu tangu Oktoba, chini ya miwani, bila jibu. Nimepokea. Jambo linachunguzwa.

Basi najibu, nawe umsomee Tongun sokoni, mbele ya watu, na Sunday awe amesimama hapo.

Mwambie kwamba nilikaa. Asiulize kama nilijua. Koti ni langu, kijana ni wa kaka yangu, mimi ndiye niliyemleta. Shamba ni la waliopoteza, kutoka barabarani hadi kijitoni, wagawane kama Tongun atakavyoona. Wasiguse ile pembe alipozikwa Ladu, wala nyumba ya mama yako na bustani yake. Mihogo iliyo ardhini ni ya Mama Rosa, na kama hataki kuipokea kama zawadi, mwambie si zawadi.

Sunday asivuke kwenda Congo. Akae Koboko, awe wa kwanza kulima sehemu za wale wasio na nguvu, mpaka watu wachoke kumwangalia. Sina neno la kumwandikia. Nitakuwa nalo siku moja, labda. Kwa sasa hili ndilo ninaloweza kufanya kwa ajili yake, na alijue bila mimi kumwambia kwa upole.

Usiniandikie kuhusu chumba cha Arua. Najua kipo, na najua ungewahamisha watoto. Nimekuwa mgeni huku karibu maisha yangu yote, na nimejifunza kuishi hivyo. Sitaweza kujifunza kuwa mgeni Midia, kupita barabarani nikasalimia watu wanaolima mahali nilipokuwa nasema ni pangu, nao waniite mzee, wanipe kiti. Mwenye nyumba nimeshamlipa kodi ya mwaka ujao. Vitabu nimevirudisha rafuni. Nimezungumza pia na watu wa kanisa kuhusu nafasi iliyo kando ya kaburi la mke wangu, wakaniandika.

Kamati bado haijatoa ripoti. Ikitoka nitumie nakala kupitia Abiriga, niisome.

Mkumbatie mama yako, umwambie achote maji bila kuinamisha kichwa.

Ni mimi baba yako mdogo, Marino Tombe. Desemba sitakuja, na mwaka mwingine sitakuja. Sitarudi.